Si Wawili

Tarehe 3 Februari

Kwako mjomba,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani, na sikio lako linaendeleaje? Mwambie mkaza mjomba namsalimu, na lile shuka alilonipa ndilo ninalojifunika. Mimi mzima. Chumba changu ni kilekile, juu ya duka la kuchapisha karatasi. Mashine zikianza asubuhi kitanda kinatetemeka kidogo, nimeshazoea. Kazini napiga eksirei kama kawaida. Watu wanavunjika mikono kila siku, kwa hiyo hatukosi riziki.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana wewe ukipokea simu lazima upaze sauti, na mama yuko ukuta wa pili. Jambo hili sitaki alisikie.

Wiki iliyopita nilimpigia. Tulizungumza vizuri, akaniuliza kama ninakula. Kisha akasema, "Haya Kulwa, kapumzike, mwanangu." Nikadhani ulimi umeteleza. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anatuchanganya, na sisi tulikuwa tunamcheka. Nikamwambia, "Mama, ni Doto." Halafu akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Doto tulimzika."

Nikakata simu.

Mjomba, wewe ulikuwepo. Ulishika upande mmoja wa jeneza. Aliyelala mle ni Kulwa, pacha wangu, na aliyekuwa nyuma yako amekushika shati ni mimi. Nakuuliza ingawa jibu ninalo, maana siku hizi mtu akiita "Doto" pale hospitali nahisi kama anamwita mwenzangu wa zamu nyingine.

Mtaani kwetu kuna mama mtu mzima, Mhindu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anakaa juu ya duka la magodoro. Wanamwita Bibi wa Ghorofani. Jioni watu wachache hupanda kwake kukaa kimya. Nilisikia anafundisha swali moja tu: Mimi ni nani? Nikasema, hilo ndilo langu.

Hakuniuliza dini. Aliniambia, "Wazo likija usilifukuze wala usilifuate. Jiulize limemjia nani. Utasema, limenijia mimi. Basi uliza, huyo mimi ni nani? Usijibu kwa maneno. Tazama tu hilo neno mimi linachipuka wapi." Nikataka kujua mafundisho hayo yanaitwaje. Akasema kwa lugha ya wazee wao yanaitwa Advaita. Nikamuuliza maana yake.

Akasema, "Si wawili."

Nilishuka bila kuaga. Nilikaa pale chini mlangoni mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nataka godoro.

Kesho nitarudi kwake. Nieleze habari za mama, na usinifiche.

Mpwa wako,
Doto


Tarehe 21 Februari

Kwako mpwa wangu Doto,

Marahaba, mwanangu. Sisi tupo, tunasukuma siku. Sikio la kulia limejiuzulu kabisa, la kushoto linafanya kazi ya wote wawili bila nyongeza ya mshahara. Mkaza mjomba wako anasema shuka usilifue kwa sabuni ya unga. Kazi ya kuandika mabango ipo. Nina ubavu wa lori la mwenye mbao, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na duka jipya la dawa linataka jina lake juu kabisa, kwa hiyo nitapanda ngazi kama kijana.

Mama yako anakula. Anafagia uwanja, anaota jua. Akili yake iko sawa katika kila jambo, anajua bei ya sukari na anajua nani amejifungua. Ni hilo moja tu. Tumwache, majonzi yana njia zake. Mengine tutazungumza tukionana.

Sasa hilo swali lako. Mimi sina ugomvi na Mhindu wala na dini ya mtu. Lakini anayechimba msingi wa nyumba akiwa amelala ndani yake, hata akichimba kwa nia njema, ukuta haujui nia. Nilikuwa na wapwa wawili wanaofanana mpaka nikawa nawasalimu wote kwa pamoja ili nisikosee. Nimebaki na mmoja. Usije ukaniandikia kwamba umetafuta vizuri ukakuta hata huyo mmoja hayupo.

Na jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza. Daktari alikwambia mbele yangu, siku ileile Kulwa alipotutoka, kwamba mshipa uliovimba kichwani mwake ukapasuka huenda alizaliwa nao, na kwamba pacha wake apimwe. Umepimwa? Mashine yenyewe iko jengo moja na wewe. Nijibu kwa neno moja tu, sitaki maelezo.

Mjomba wako


Tarehe 18 Machi

Kwako mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nimefurahi kusikia mama anaota jua. Hapa kuna joto, na feni ya chumba cha eksirei imekufa, tunafanya kazi tumevaa aproni za madini ya risasi kama watu waliobeba milango kifuani.

Lile uliloniuliza nimeliona.

Kwa Bibi nakwenda karibu kila jioni. Nakaa kwenye kiti cha plastiki, nafumba macho. Mkono huu nausikia, basi anayeusikia si mkono. Pumzi naisikia, basi si pumzi. Woga nausikia. Jina langu nalisikia likipita kama la jirani. Kila ninachokiita changu kinaonekana, na anayekiona haonekani. Bibi anasema niko njiani. Mimi jasho linanitoka. Ni kama kushuka ngazi kwenye giza, mguu ukatafuta kipandio cha mwisho ukakikosa. Safari zote narudi juu mbio.

Juzi kazini limenipata jambo. Aliletwa mzee mmoja fundi bomba, ana kikohozi. Nikamsimamisha, nikamwekea kidevu juu ya sahani ya picha, nikaenda nyuma ya kioo. Nikasema kama ninavyosema kila siku, "Vuta pumzi. Shikilia." Nikabonyeza. Hapo nikaisikia sauti yangu imebaki chumbani, nikajiuliza, nani amesema? Nikazama ndani yangu kumtafuta.

Aliyenirudisha ni mwenzangu aliyefungua mlango. Yule mzee bado alikuwa amesimama, kifua kimejaa, macho yanamtoka machozi, ananitii. Sikuwa nimemwambia apumue. Akaniuliza kwa sauti iliyobanwa, "Binti, sasa nipumue?" Nikamwomba radhi mpaka akanionea huruma. Akasema alidhani ndiyo matibabu yenyewe.

Nilikwenda kunawa uso bila kutazama kioo. Siku hizi sitazami vioo. Kile cha chumbani nimekifunika taulo, maana ninayemkuta pale ameshakufa.

Mwenzangu anataka nichukue likizo. Nimemwambia sijachoka.

Mpwa wako


Tarehe 9 Aprili

Kwako Doto,

Marahaba. Barua yako haina jina chini. Nimeigeuza nyuma, nimetazama ndani ya bahasha, hakuna. Mkaza mjomba wako anasema umesahau. Mtu hasahau jina lake kwenye barua. Na lile neno moja nililokuomba pia halimo. Nimesoma "nimeliona" nikajua unanikwepa kama mtoto aliyeitwa kuoga.

Lakini sina haki ya kukulaumu kwa kunificha, maana na mimi nimekuficha. Nimekaa na hili tangu msiba ulipoisha, na baada ya kusoma habari za kioo chako naona kunyamaza ni hatari kuliko kusema.

Kibao cha kaburi nilikiandaa mwenyewe. Nilikipiga randa, nikakipaka nyeupe, nikachora mistari kwa penseli. Mama yako akaja karakana, akasimama nyuma yangu kama mteja. Akasema, "Andika Doto." Nikamwambia, "Dada, aliyekufa ni Kulwa." Akanitazama kwa macho makavu. "Najua ninachosema. Andika Doto, na uliandike kubwa, lisomeke kutoka barabarani."

Nimeandika majina ya watu maisha yangu yote, walio hai na waliokufa, sijawahi kuona mkono wangu ukikataa. Siku ile ulikataa. Nilikisimika hivyohivyo cheupe, mpaka leo hakina herufi. Wapita njia wanadhani fundi ni mvivu.

Na si kibao tu. Majirani amewaambia aliyezikwa ni Doto, na Kulwa ndiye anayefanya kazi mbali. Wao hawakuweza kuwatofautisha mkiwa hai wote, watajuaje sasa? Mwanamke mmoja alinipa pole sokoni ya kufiwa na Doto. Mama yako alikuwa kando yangu. Nikaipokea, mwanangu. Nikasema tumeshapoa. Kisha nikarudi nyumbani, nikashindwa kula.

Huku mama yako anakuzika, huko unajizika mwenyewe. Mimi nimebaki katikati na brashi mkononi. Njoo nyumbani.

Mjomba wako


Tarehe 2 Mei

Kwako mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kazini, nimesimama, na wagonjwa wanasubiri kwenye benchi. Niliikunja, nikaendelea kupiga picha za miguu na magoti. Nilifanya kazi vizuri siku ile, hakuna aliyejua.

Jumamosi mchana nilikwenda kwa Bibi. Tulikuwa wawili tu. Chini walikuwa wanapakua magodoro, dirishani kuna jua. Nikafumba macho, nikakiona kibao kinachosomeka barabarani. Nikauliza, limemjia nani wazo hili? Limenijia mimi. Mimi ni nani? Safari hii sikurudi juu.

Mjomba, hapakuwa na mtu. Sijui nikuelezeje. Sikuzimia. Kelele za wapakuzi zilikuwepo, harufu ya pamba ilikuwepo, lakini yule ambaye vitu hivyo vilikuwa vinamjia hakuwepo. Kwa kitambo palikuwa patulivu kuliko mahali popote nilipowahi kufika. Kisha kitu kikasema, hivi ndivyo Kulwa alivyokwenda. Hofu ikapasuka kama bomba. Moyo ulinipiga mpaka nikausikia kwenye meno. Viganja vikafa ganzi. Nilisimama, kiti kikaanguka, nikawa natafuta mlango nao uko mbele yangu.

Bibi alinishika kifundo cha mkono. Ana nguvu, huwezi kuamini.

"Nani anaogopa?" akaniuliza.

"Usiniulize hilo tena."

"Basi nikuulize jingine. Anaogopa nini?"

"Kufa."

"Kufa tu, kama tunavyokufa wote? Au kuna kifo unachokijua kwa sura?"

Nikamwambia. Ni mara ya kwanza kulitamka kwa mdomo, mshipa wa Kulwa, maneno ya daktari, na mashine iliyo hatua chache kutoka ninapotundika aproni yangu, ambayo naipita kila siku nimegeuza uso. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunibembeleza.

"Kumbe wiki zote hizi," akasema, "umekuja hapa kuuliza wewe ni nani ili usiulize kichwani mwako kuna nini. Hili swali si pango la kujifichia, mwanangu. Mimi nina kisukari. Kila asubuhi najichoma kidole napima, na huku najua mimi si sukari. Kimoja hakizuii kingine. Nenda kapimwe, kisha urudi ukae."

"Na wakikuta na mimi ninao?"

"Utaogopa. Niliwahi kukuahidi kwamba hutaogopa?"

Kwa hiyo lile neno lako moja, mjomba, ni hili: bado. Nimeomba likizo. Nataka kwanza nimwone mama, kabla sijajua lolote. Usimwambie kwamba naja.

Mpwa wako


Tarehe 29 Mei

Kwako Doto,

Natumaini ulifika salama na mgongo umesamehe lile basi. Hapa mvua imetupita, lori la mbao limeondoka na jina lake, na mkaza mjomba wako anauliza kama ulikula zile karanga au uligawa.

Ulipoingia getini nilishika ukuta. Nakujua, nimekulea, lakini ule mwendo ni wa Kulwa. Nikajisemea, kama mimi naogopa, mama yake itakuwaje? Ukanipita, ukaingia chumbani kwake, ukafunga mlango. Nikakaa uani na mkaza mjomba wako, yeye anachambua mchele, mimi natega sikio, lile zima. Sikuambulia kitu. Hamkupiga kelele wala hamkulia kwa sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mlipotoka macho yenu yalikuwa yamevimba, mama yako akaomba maji, na wewe kesho yake ukapanda basi. Nilikuuliza kituoni ukasema, "Nitakuandikia, mjomba." Haya, nasubiri.

Nikwambie yaliyotokea ulipoondoka. Mama yako alikuja karakana, akasimama palepale aliposimama siku ile. Akasema, "Andika Kulwa." Brashi ilinidondoka. Nikamuuliza, "Na Doto?" Akasema, "Habari za Doto kamuulize Doto." Kisha akakaa juu ya debe la rangi, akalia. Siku ya maziko hakulia, unakumbuka tulivyoogopa. Safari hii alilia kama mtu anayetapika, nami nilikaa chini karibu yake.

Nimeandika. Herufi nyeusi, za kawaida, bila kivuli.

Majirani amewaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwamba alikosea. Wengine wanamtazama kwa jicho la pembeni. Lakini akishafagia siku hizi anasimama getini, anatazama barabara kama anayesubiri mtu ambaye hataki aje. Nikimuuliza ananiambia anapunga upepo.

Mliambiana nini mle ndani? Na lile "bado" limeshakuwa nini?

Mjomba wako


Tarehe 14 Juni

Kwako mjomba,

Shikamoo. Karanga nilikula zote peke yangu, mwambie mkaza mjomba asiwe na wasiwasi.

Nilipofungua mlango mama alikuwa anakunja nguo. Akainua uso. "Kulwa, umekuja." Niliogopa kuliko kule ghorofani, maana kule nilikuwa napotea peke yangu, na hapa aliyenizaa ndiye alikuwa ananifuta. Nikajiuliza lile swali, si kwa kukimbia safari hii. Nikakuta kuna kinachosikia "Kulwa" na hakikubali wala hakikatai. Kipo tu. Nikakaa kitandani.

Akaniuliza, "Doto alikufa akiogopa?"

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mkono wa Kulwa dakika zile, unajua. Nikamjibu lile ambalo ni kweli kwa jina lolote. "Mwanzoni aliogopa sana, mama. Aliniuliza kama nimefunga mlango, nikamwambia nimefunga. Kisha mkono ukalegea polepole. Mwishoni hakuwa anaogopa."

"Na wewe?"

"Mimi naogopa mpaka sasa."

Akaweka nguo chini, akanivuta mpaka mdomo wake ukawa sikioni kwangu. Akanong'ona, kama kuna mtu dirishani. "Yule daktari alisema hata mbele yangu. Alidhani sisikii kwa uchungu. Alisema pacha naye huenda anao. Nikasema moyoni, kifo kilitumwa wawili, kimebeba mmoja. Kitarudi. Na kikirudi kitauliza jina. Basi kikute Doto ameshaandikwa, kibao kinasomeka kutoka barabarani, kila mtu anasema amezikwa. Kitaona kazi imekwisha, kiende zake."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo unajua mimi ni nani?"

"Nimekuzaa, nitakosaje kukujua? Ukiwa umenipa mgongo tu najua. Kila nilipokuita Kulwa nilikuwa namwomba yeye radhi na wewe radhi. Lakini bora nikutese uko hai."

Hicho ndicho tulichoambiana. Tulikuwa tunajificha wote, yeye nyuma ya jina, mimi nyuma ya swali. Nikamwambia kifo hakisomi vibao. Akasema, "Umejuaje?" Nikasema sijui, ila picha husoma, nami nitakwenda kupigwa. Hapo ndipo tulipolia, midomo tumeibana kwenye mto, wewe usisikie.

Nimepimwa, mjomba. Mwenzangu ninayekula naye kila mchana aliniuliza jina langu kamili, kwa sababu ndiyo sheria ya mashine. Alikuwa anaona aibu kuuliza. Nikamtajia.

Upo. Upande uleule wa Kulwa, mdogo, kama punje ya mtama. Daktari anasema umeonekana mapema. Watapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kichwani, wauzibe kwa ndani. Alinieleza na yanayoweza kuharibika, moja moja, nikayasikia yote. Nimepangiwa Julai.

Naogopa kulala na naogopa kuamka. Nikipiga chafya natulia kusikiliza kama kuna kilichopasuka. Nimerudi kwa Bibi. Usidhani hofu imekwisha, inapanda ngazi pamoja nami na kukaa kiti cha pili. Nauliza imemjia nani, nayo haitoki. Ila mara nyingine anayepaswa kujibu "mimi" anachelewa, na katika kuchelewa kule napata nafasi ya kuvuta pumzi. Ni hiyo tu niliyonayo.

Mlete mama. Na akifika asiniite Kulwa, hata kwa kunong'ona. Aniite Doto mlangoni, watu wasikie. Jina si mimi, hilo sasa nalijua, ndiyo maana sina sababu ya kulificha.

Doto


Tarehe 25 Juni

Kwako mpwa wangu Doto,

Marahaba, marahaba tena. Nimelisoma jina lako pale chini kabla ya barua yenyewe.

Mimi sitaweza kuja. Mkaza mjomba wako ameteleza bafuni, mguu umeteguka, na asipopata mtu wa kumtuma atatuma majirani mpaka wahame. Mama yako atakuja na basi, nimemtafutia kiti cha mbele.

Nilimsomea barua yako. Lile la waya kupita kwenye paja alilipokea vizuri kuliko mimi, mimi ilibidi nikae. Lakini la kukuita jina kwa sauti alilikataa palepale. Akasema, "Unataka nikionyeshe kifo kwa kidole mtoto alipo?" Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Amefungasha nguo, amezifungua, amefungasha tena. Leo asubuhi amesema atakuja, lakini kuita hajui kama mdomo utamtii. Usimlazimishe.

Na nikuambie kichekesho, maana tunakihitaji. Nilijaribu swali lako nikiwa juu ya ngazi pale duka la dawa. Nikajiuliza, nani anaandika? Nilikuwa kwenye neno "dawa", nikaruka herufi, mwenye duka akaniita nishuke nisome mwenyewe. Sirudii. Hayo ni mambo ya kufanya mtu akiwa ameketi.

Mwanangu, naogopa. Sikuwahi kukuandikia neno hilo juu yangu mimi. Nimeliandika sasa, na bado naogopa, kwa hiyo sijui kuandika kunasaidia nini. Nenda. Uamke.

Mjomba wako


Tarehe 19 Julai

Kwako mjomba,

Shikamoo. Nimeamka. Naandika nikiwa nimelala ubavu, uvumilie mwandiko. Paja linauma, na koo limechubuka kwa ule mpira walionipitishia. Daktari anasema mshipa umezibika vizuri. Hajasema yamekwisha, amesema watanipiga picha nyingine baada ya miezi na wataendelea kutazama.

Asubuhi ile waliponisukuma kwenye korido niliogopa mpaka meno yakagongana. Muuguzi alidhani ni baridi, akanifunika blanketi la pili. Nikalitafuta lile swali, likanikimbia kabisa, halikubaki hata neno moja. Nilikuwa na hofu na mkono wa mama, basi, mpaka kwenye mlango ambao yeye haruhusiwi kuupita. Tangu alipofika alikuwa ananiita "wewe" na "mwanangu". Sikumlazimisha. Pale mlangoni alifungua mdomo, nikamwona, kisha akaufumba.

Nataka nikuandikie hili kabla halijafifia. Wakati wa kuamka, mwanzo kulikuwa na mwanga tu, na kitu kinalia pi, pi, pi. Hapakuwa na Doto. Hapakuwa na Kulwa. Hapakuwa na hospitali wala mtu aliyefanyiwa kitu. Na hapakuwa na hofu, maana hapakuwa na wa kuogopa. Nilikuwepo, mjomba, ila sikuwa mtu fulani. Sijui ilichukua muda gani.

Kisha nikasikia mtu anagombana na muuguzi. Muuguzi anasema, "Mama, punguza sauti, kuna wagonjwa hapa." Na sauti ya mama, inatetemeka kama ya mtu anayevuka barabara amefumba macho, ikaita, "Doto." Muuguzi akamsihi. Akaita tena kwa nguvu zaidi, wodi nzima ikageuka, "Doto. Doto wangu."

Vyote vikarudi kwa pamoja, jina, maumivu, kiu, kutokuwepo kwa Kulwa, na hofu nayo ikarudi na kukaa. Nikageuza kichwa kule sauti ilikotoka.

"Abee, mama," nikasema.

Doto